Mgeni aliwasoma watoto wa Kisii. Sasa ni zamu ya mwenyeji

Tuseme, mpenzi msomaji, kwamba binti yako amehitimu juzi katika chuo kikuu. Mbuzi amechinjwa, picha za joho zimepigwa, na jamaa wamepanda matatu kutoka Kisii na Nyamira kuja Nairobi kumpongeza. Baada ya chakula, mjomba mmoja anajifuta mikono na kumwuliza alichosomea.

"Saikolojia, mjomba," binti anajibu.

Kimya kinatanda. Mjomba anamtazama baba, naye baba anatazama sahani. "Kwa hivyo utakuwa unatibu wendawazimu?"

"La, mjomba. Nataka kufanya utafiti. Nataka kujua watoto wanavyokua, wanavyofikiri na wanavyolelewa."

"Na ni nani atakayekulipa kwa kuwatazama watoto wa watu wakicheza?"

Pengine swali hilo limewahi kuulizwa nyumbani kwako. Pengine wewe ndiwe uliyeuliza. Huna kosa, kwa sababu karo ya chuo hailipwi kwa maneno, na kila mzazi angependa kuona mtoto wake akishika kazi inayojulikana: udaktari, ualimu, uhasibu. Lakini huenda mjomba hajui kwamba swali lake lilipata jibu zamani, tena huko huko kwao, kwenye vilima vya migomba na majani chai.

Kijana wa miaka 23

Mwaka 1955, kijana Mmarekani aitwaye Robert LeVine aliwasili katika nchi ya Wakisii akiwa na mkewe Barbara. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Alizaliwa New York mwaka 1932, akapata shahada zake za kwanza mbili katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akajiunga na Harvard kusomea uzamifu. Hakuwa profesa wala daktari wa hospitali. Alikuwa mwanafunzi mwenye daftari.

Wakati huo hakukuwa na Kaunti ya Kisii wala Kaunti ya Nyamira. Kaunti hizo tunazozijua leo zilikuja na Katiba ya 2010. Kenya ilikuwa koloni, na sehemu za kati za nchi zilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuja kwa kijana huyo Kisii kulihusiana na mradi mkubwa ulioongozwa na wasomi kama John Whiting na mkewe Beatrice wa Harvard, na kugharimiwa na shirika la Ford Foundation la Marekani.

Mradi huo ulikuwa na swali moja lililo rahisi kusikia lakini gumu kujibu: je, namna mtoto anavyolelewa humfanya awe mtu wa aina gani? Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wasomi hao walitaka kuipima kauli ya aina hiyo. Walichagua jamii sita: moja huko Okinawa nchini Japani, moja Ufilipino, moja India, moja Mexico, moja Marekani kwenyewe, na moja Kisii, mahali panapotajwa vitabuni kwa jina la Nyansongo.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Watafiti waliwahoji akina mama kuhusu malezi. Kisha waliwafuata watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 katika shughuli zao za kawaida, wakaandika kwa dakika tano tano kila walichokiona: nani amemwomba nani kitu, nani amemsaidia mwenzake, nani amempiga, nani amemnyamazisha mtoto mdogo. Siku ya pili walirudi tena, na ya tatu, na miezi ikapita. Katika jamii zote sita watoto waliofuatiliwa hivyo walikuwa 134. Wa Nyansongo walikuwa 16.

Ndiyo, msomaji, watoto 16 tu. Lakini waliangaliwa kwa makini hata leo wanafunzi wa saikolojia katika nchi za mbali bado wanasoma habari zao.

Walichokiona uani

Waligundua nini? Waligundua kwamba watoto wa Nyansongo walikuwa na kazi nyingi na nzito kuliko wenzao wengi. Walichunga ng'ombe, walichota maji, waliokota kuni, walisaidia shambani na jikoni, na zaidi ya yote walilea wadogo zao. Mtoto anayekabidhiwa kazi hiyo ya ulezi huitwa omoreri kwa Kikisii. Kama ulizaliwa pande hizo, huenda wewe mwenyewe uliwahi kubebwa mgongoni na omoreri, au ulikuwa omoreri wa mtu ambaye leo ana ndevu.

Walipolinganisha madaftari ya jamii zote sita, waliona kwamba watoto waliopewa kazi za maana nyumbani walikuwa wepesi zaidi wa kutoa msaada na kuwajali wengine. Watoto wa ule mji wa Marekani, ambao kazi yao mara nyingi ilikuwa kupanga chumba na kuokota vidude vya kuchezea, walikuwa na tabia zaidi ya kujitafutia usikivu wa watu wazima. Hapa hatusemi kwamba mtoto mmoja ni bora kuliko mwingine. Lakini kazi ambayo mama wa Kisii aliitoa kwa sababu tu mikono yake haikutosha, ilikuwa pia shule ya utu.

Hapo jirani tu, Oyugis, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Kisumu, mtafiti mwingine kijana, Carol Ember, naye alichunguza jambo kama hilo mwishoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa Wajaluo. Aliona kwamba katika nyumba ambazo hazikuwa na binti mkubwa, wavulana walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kama vile kulea mtoto na kusaidia jikoni. Alipoitangaza kazi yake mwaka 1973, alionyesha kwamba wavulana waliozoea kazi za ndani ya nyumba walikuwa na ukali mdogo kuliko wenzao. Mzazi unayesoma haya Jumapili hii huku kijana wako amekaa kwenye kochi na dada yake anaosha vyombo, fikiri kidogo.

Mama asiyemtazama mtoto machoni

Robert LeVine hakuishia hapo. Kati ya 1974 na 1976 alirudi Kisii, safari hii na Sarah LeVine, mkewe wa wakati huo, pamoja na kundi la watafiti na madaktari wa watoto, akiwemo T. Berry Brazelton, daktari aliyejulikana sana Marekani. Sasa walitaka kuwaangalia watoto wachanga. Walifuatilia mama na mtoto nyumbani, kisha wakalinganisha na akina mama wa jiji la Boston.

Hapo ndipo vitabu vilipoanza kutikisika. Vitabu vya saikolojia vya nyakati hizo vilieleza mama mwema kama mtu anayemtazama mtoto machoni, anayezungumza naye tangu akiwa mchanga, anayemchekea na kumsifu. Mama wa Kisii hakufanya hivyo sana. Alimbeba mtoto, alimweka karibu na mwili wake mchana na usiku, na mtoto alipolia alihudumiwa upesi. Lakini maneno yalikuwa machache, na macho ya mama mara nyingi yalielekea kwingine. Walipoulizwa, akina mama walishangaa kidogo: kuna faida gani kuzungumza na mtoto ambaye bado haelewi maneno?

Na sifa? Sifa nyingi zilionekana kuwa zitamfanya mtoto awe na kiburi. Mama alipotakiwa kumfundisha mtoto wake jambo jipya, alimwonyesha lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akatarajia alifanye. Mama wa Boston yeye alimshangilia mtoto hatua kwa hatua na kumwacha ajaribu.

Kama ungempima mama wa Kisii kwa rula ya Boston, ungeandika kwamba hamjali mtoto wake. Na ungekuwa umekosea sana. Watafiti waliona kwamba mama huyo alikuwa na lengo lake, nalo lilikuwa na akili: kwanza mtoto aishi. Katika miaka hiyo mwanamke wa Kenya alizaa, kwa wastani, watoto wapatao wanane, na vifo vya watoto vilikuwa jambo la karibu katika kila kijiji. Kumweka mtoto mwilini, kumnyonyesha na kumtuliza upesi ilikuwa ndiyo kinga. Kujifunza maneno na adabu kungekuja baadaye, kutoka kwa ndugu zake wakubwa. Tena macho yenyewe yana mila yake. Kuna heshima ambayo Wakisii huiita chinsoni, inayoongoza nani amtazame nani na kwa namna gani. Mgeni asiyeijua heshima hiyo angeandika tu "mama hatazami", na kufunga daftari.

Hayo yote yalichapishwa mwaka 1994 katika kitabu kikubwa, na mafunzo yake ni haya: hakuna njia moja tu ya kuwa mzazi mwema, na mtoto hupata njia ya kukua katika malezi ya namna nyingi.

Kwa nini jambo hili lituhusu leo

Huenda unauliza, haya ya zamani yana faida gani kwa binti wa leo mwenye joho? Yanamhusu sana.

Mwaka 2008, mwanasaikolojia Jeffrey Arnett wa Marekani aliyapitia majarida sita makuu ya saikolojia ya nchi yake. Aliona kwamba watu 96 kati ya kila 100 waliochunguzwa walitoka katika nchi za viwanda za Magharibi, ambako wanaishi watu 12 tu katika kila 100 wa dunia nzima. Yaani sheria za akili ya binadamu zimeandikwa kwa kuchunguza kipande kidogo cha binadamu. Kisha vitabu hivyo hivyo huletwa kwetu, mwalimu akavisoma darasani, mshauri wa shule akampima mtoto wa Nyamira kwavyo.

Ni nani atakayerekebisha hilo? Wageni wamefanya sehemu yao, nasi tuwashukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni huyo alihitaji mtu wa kumtafsiria. Mwanafunzi aliyezaliwa Manga au Suneka hahitaji kuambiwa chinsoni ni nini. Anajua ni swali gani haliulizwi mbele ya baba mkwe. Anajua kwamba mama akisema "mtoto yuko sawa" mbele ya mgeni, huenda hayuko sawa.

Tena nyumba zimebadilika. Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 mwaka 2019, na Nyamira 605,576, na mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande. Uzazi nchini umeshuka hadi wastani wa watoto 3.4 kwa kila mwanamke, kwa mujibu wa utafiti wa afya wa mwaka 2022. Omoreri sasa yuko darasani tangu asubuhi. Je, ni nani anayembeba mtoto mchana? Ni bibi, ni yaya wa kulipwa, au ni simu ya mkononi? Mtoto wa leo anajifunzia wapi kumjali mwenzake? Maswali haya hayana majibu katika vitabu vya 1955. Yanamsubiri mtu.

Njia yenyewe

Sasa tuje kwenye njia, kwa sababu kijana hawezi kula maswali. Mzazi, soma sehemu hii pamoja naye.

Kwanza ni shahada. Vyuo Vikuu vya Nairobi na Kenyatta vina idara za saikolojia, na siku hizi vipo vingine vinavyofundisha somo hilo. Mwanafunzi asiikimbie hesabu ya takwimu. Wengi hujiunga na saikolojia wakidhani wamezikwepa hesabu, kumbe zinawasubiri mlangoni. Mtafiti asiyejua takwimu ni kama fundi cherehani asiyejua kupima kiuno.

Pili ni kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti. Hii ndiyo ngazi ya kwanza ya kweli. Kazi yake ni kutembea nyumba hadi nyumba na hojaji, kurekodi mazungumzo, kuyaandika na kuyatafsiri. Malipo si makubwa, na mara nyingi ni ya mkataba wa miezi michache, kwa hivyo familia isitarajie nyumba ya mawe mwaka wa kwanza. Lakini hapo ndipo kijana hujifunza kunyamaza na kusikiliza.

Tatu ni tafsiri, na hapa mtoto wa nyumbani ana utajiri. Hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza hutafsiriwa kwa Kikisii na mtu mmoja, kisha mtu wa pili ambaye hajaiona ile ya kwanza huirudisha kwa Kiingereza. Zikitofautiana, kazi huanza upya. Neno kama "huzuni" au "wasiwasi" likikosewa, utafiti mzima umepotea hata kama takwimu ni safi.

Nne ni idhini. Siku hizi mtu haingii kijijini na daftari tu. Pendekezo la utafiti hupitiwa na kamati ya maadili, kisha leseni hutolewa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Wakuu wa kaunti na chifu hujulishwa. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hachunguzwi bila ridhaa ya mzazi, naye mwenyewe huulizwa kama anakubali. Akikataa, basi. Kijana asizione hatua hizi kama usumbufu, kwani zinawalinda mama na mtoto waliomfungulia mlango.

Tano ni shahada ya uzamili, na baadaye uzamifu. Hapa ndipo subira hupimwa. LeVine mwenyewe alipata shahada ya uzamifu mwaka 1958, na kitabu chake na Barbara kuhusu Nyansongo kikatoka kama kitabu cha pekee mwaka 1966. Hesabu mwenyewe tangu 1955.

Ifahamike pia kwamba kutibu au kushauri wagonjwa ni jambo jingine. Kazi hiyo inasimamiwa na sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na mtu sharti asajiliwe. Mtafiti akikuta mtoto mwenye shida kubwa, wajibu wake ni kumwelekeza kwa aliye na ruhusa ya kutibu, asijifanye daktari.

Wapo waliokwisha kuonyesha

Kama bado una shaka kwamba kijana Mkenya anaweza, mtazame Tom Osborn. Akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, alishirikiana na wenzake kuanzisha mwaka 2018 shirika la Shamiri, jina lililotoka katika neno letu la kushamiri. Waliona kwamba Kenya ina wataalamu wachache mno wa afya ya akili kulinganisha na wanafunzi wenye msongo. Wakawafundisha vijana waliomaliza shule ya upili juzi juzi waongoze vikundi vya wanafunzi kwa wiki nne, wakizungumza juu ya kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini. Kisha, badala ya kujisifu tu, wakapima. Matokeo ya utafiti uliohusisha wanafunzi 413 wa shule mbili yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida kubwa la Marekani: dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudhuria vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Huo ni utafiti wa saikolojia, mjomba. Unaanza kwa kuwatazama watoto wa watu, na unaishia kwa mtoto wako kulala usingizi.

Neno kwa mzazi na mwanafunzi

Mwanafunzi, usingoje fedha za wafadhili ndipo uanze. Likizo ijayo ukienda nyumbani, keti uani na daftari, kwa ruhusa ya nyanya na mama mwenye mji. Tazama kwa dakika tano: nani amembeba nani, nani ameombwa nini, nani amesaidia bila kuombwa. Andika ulichokiona, usiandike unachofikiri kilikuwa moyoni. Rudi kesho yake. Baada ya wiki moja utakuwa na maswali ambayo mwalimu wako hajawahi kuyasikia.

Na wewe mzazi, binti akikwambia anataka kuwa mtafiti wa tabia za watoto, usitazame sahani. Mwulize anataka kujua nini hasa. Kama ana swali, na ana subira, na yuko tayari kwa miaka michache ya mshahara mdogo, mpe baraka zako na nauli ya kwenda nyumbani.

Mjomba naye ana kazi. Huenda alipokuwa mdogo alimlea mdogo wake mgongoni huku akichunga ndama. Hajawahi kuulizwa alijifunza nini. Amwache binti aanze na yeye.